Risala ya Wazazi na Vijana Wanaozungumza Kiswahili Mjini Bodø, Norwei

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa jumuiya, wazee wetu, wazazi wenzetu na vijana,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na kusafiri kutoka Oslo hadi huku kaskazini. Watoto utakaowaona uwanjani leo wamevaa njano. Kabla hatujafikia maombi yetu, tunapenda usikie habari za njano hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, njano ni rangi ya klabu ya soka ya mji wetu, Glimt, iliyoanzishwa mwaka 1916, na mwaka 1948 ikaongezewa jina la mji, ikawa Bodø/Glimt. Kwa miaka mingi timu za kaskazini zilifungiwa mlango. Kombe la Norwei ziliruhusiwa kushiriki mwaka 1963, na ligi kuu mwaka 1972. Hata hapo, mabingwa wa daraja la pili la kusini walipanda moja kwa moja, lakini bingwa wa kaskazini alilazimika kupitia mechi za mchujo. Ndiyo maana mwaka 1975, Glimt walipoifunga Vard 2–0 jijini Oslo na kutwaa Kombe, walikuwa bado daraja la pili. Mabingwa wa kombe la taifa, na ligi kuu hawajaionja! Waliingia msimu wa 1977 na wakamaliza nafasi ya pili papo hapo.

Katika kikosi cha 1975 alikuwemo Harald Berg, aliyeacha soka la kulipwa Uholanzi akarudi nyumbani. Wanawe Ørjan na Runar waliivaa jezi hiyohiyo. Leo anayeivaa ni mjukuu wake, Patrick. Naye alikwenda Lens ya Ufaransa mwanzoni mwa 2022, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amesharudi. Sisi tuliolelewa na mababu tunauelewa urithi wa namna hii bila kuelezwa.

Neema haikudumu siku zote. Karibu na mwaka 2010 madeni yaliibana klabu hadi ukingoni mwa kufilisika, na mashabiki wakaokota chupa tupu kuzirudisha dukani ili fedha ziende klabuni. Mwaka 2016 ikashuka daraja. Ikapanda tena 2017, akakabidhiwa timu kocha Kjetil Knutsen mwaka 2018, na mwaka 2020 ikawa bingwa wa Norwei, timu ya kwanza kutoka kaskazini, kwa mabao 103 katika mechi 30. Mwaka uliofuata klabu ya Roma ya Italia, ikifundishwa na José Mourinho, ilikuja Aspmyra, uwanja wetu usiofikisha watu 10,000, ikapigwa 6–1. Mwezi Aprili 2025 ikawa zamu ya Lazio, klabu nyingine ya jiji la Roma, iliyotolewa kwa penalti jijini humohumo, na Glimt wakaingia nusu fainali ya Ligi ya Europa. Hakuna timu ya wanaume ya Norwei iliyokuwa imefika nusu fainali ya Ulaya kabla yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watoto wetu wanalijua hilo kuliko sisi. Wakitoka mazoezini wanakung'uta viatu mlangoni, zinamwagika chembe nyeusi za mpira za nyasi bandia, na kabla hawajavua makoti wanabishana nani atakuwa Patrick Berg. Kiswahili na Kinorwei vinachanganyika humohumo.

Changamoto yetu ni ada. Familia yenye watoto wanne au watano inalipia kila mmoja, na bado kuna viatu na nauli za mashindano. Wapo watoto walioacha mpira kwa sababu hiyo, na inatuuma kuwaona wakisimama nje ya uzio wakiwatazama wenzao.

Tunaomba utusaidie kuanzisha mfuko wa ada kwa watoto hao, na utufikishie kwa wanaohusika ombi la mkalimani katika mikutano ya wazazi. Kwa upande wetu tumejipanga: akina mama watapika na kuuza sambusa siku za mechi za watoto, na akina baba wameshajiandikisha kwenye msaragambo wa kusafisha uwanja theluji ikiyeyuka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.