Kabla ya jeni, tuleteeni formoli

Bwana Mhariri,

Makala yenu kuhusu viashiria vya kimolekuli, yaani alama za jeni na protini za uvimbe zinazosaidia kubashiri hali ya mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana baada ya upasuaji, ilikuwa nzuri. Ila msomaji wa Katuba au Kamalondo atadhani kinachotukosesha vipimo hivyo hapa Lubumbashi ni mashine tu. Nafanya kazi katika labo ya patolojia. Tunaletewa utumbo uliosukumizwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, umelala katika maji ya chumvi tangu jana, na ukifungua kizibo harufu yenyewe inakupa majibu. Nyama ya namna hiyo hata uipeleke Ubelgiji, DNA yake imekwisha katikakatika.

Uvimbe utiwe mara moja katika formoli, dawa ya kuhifadhi nyama, ya asilimia 10, chombo kiwe na mdomo mpana, formoli iizidi nyama mara kumi. Tezi za limfu nazo zije: tunapaswa kukagua angalau 12, maana hakuna kiashiria kinachochukua nafasi ya kujua saratani imefika hatua gani.

Baada ya hapo kuna kipimo ambacho makala ilikipita haraka mno. Protini nne, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, hurekebisha makosa ya DNA seli inapogawanyika. Tukiwa na kingamwili za rangi, tunazitafuta kwa darubini ya kawaida. Karibu saratani 15 kati ya 100 za utumbo mpana zina hitilafu katika urekebishaji huo. Mgonjwa wa hatua ya 2 mwenye hitilafu hiyo kwa kawaida huendelea vizuri, na dawa ya kemo iitwayo 5-FU peke yake haimwongezei kitu. Nimeona familia zikiuza parseli, kiwanja chao, ili kununua dawa, na hakuna aliyeuliza kwanza kama mgonjwa ana hitilafu hiyo. Mara nyingine hitilafu ni ya kurithi. Basi ndugu wa damu wa mgonjwa nao wachunguzwe.

Viashiria vingine, KRAS na BRAF, ni jeni, na hizo zinahitaji zisomwe zenyewe. KRAS ikiwa imebadilika, dawa ya saratani iitwayo cetuximab peke yake haitasaidia. Na hapa kwetu nani anaimudu?

Wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda hospitali ya saratani ya Lusaka, Zambia, msibebe karatasi ya majibu peke yake. Ombeni bloku ya parafini, kipande cha nta chenye nyama ya uvimbe wenu. Haitaki friji, na hukaa miaka. Iandikwe jina na tarehe, na msiiache kwenye gari juani.

Fundi wa labo,
Lubumbashi