Barua kwa wazazi wa chuo chetu cha Qurani: mwachieni nafasi yake kwenye jamvi

Wazazi wenzangu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimesikia mlichokubaliana barazani usiku wa Jumatatu. Mimi sikuwepo, lakini kijiji chetu ni kidogo, na yaliyosemwa baada ya Isha yalifika jikoni kwangu kabla ya Alfajiri. Mmemtaka mwalimu amzuie yule binti asije tena chuoni kwa kuwa ana kifafa. Sina ugomvi na yeyote kati yenu. Wengi wenu niliwapokea kwa mikono hii mlipozaliwa, na watoto wenu niliwachanja. Basi nipeni ruhusa niseme nanyi kama nisemavyo na wanangu. Binti mwenyewe na mama yake nimewaomba idhini, wamenipa. Jina lake silitaji, nyote mnamjua.

Nianze na nilichokiona, maana wengi wenu mlisimuliwa tu.

Dirisha la jiko langu linaangalia chuo. Jumatatu alasiri nilikuwa nakuna nazi, watoto wanasoma kwa sauti kama kawaida yao, mara sauti zikakatika, nikasikia kishindo cha miguu. Walitoka wote, wakubwa kwa wadogo, wengine wakapitia dirishani. Nilipoingia, misahafu ilikuwa wazi juu ya marfaa, vile vibao vya kuwekea msahafu, na binti yuko peke yake chini, mwili unamkakamaa na kumtetema, ushungi umemvuka, nguo imempanda hadi magotini. Mwalimu alikuwa amejibana ukutani anasoma Ayatul Kursiy. Simlaumu, kusoma ni kheri. Lakini alisomea mbali. Nilivua khanga yangu ya juu nikamfunika, nikakunja mtandio nikamwekea chini ya kichwa, nikasogeza marfaa asijigonge. Haikuzidi dakika 3. Alipotulia nikamlaza ubavu nikakaa naye.

Alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichofanya ni kupapasa nguo yake kujua kama imemfunika. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Wameniona?"

Sikuwa na la kumjibu.

Kesho yake asubuhi mama yake akapelekewa ujumbe wenu. Alasiri nikamuona binti anakuja na njia ya chuo. Ana miaka 15. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, viatu kavishika mkononi, akamuomba mwalimu aseme maneno machache. Mwalimu akanyamaza, naye akauchukua ule ukimya kuwa ndiyo ruhusa. Akawaambia wenzake: "Maradhi yangu ni kifafa. Hayaambukizi. Jana nilianguka kwa sababu dawa ziliniishia. Nikianguka tena, msikimbie. Mmoja anifunike khanga hii, mwengine atazame saa. Msinitie kitu mdomoni. Nikiamka msiniulize maswali, nitakuwa bado sijielewi." Akaitoa khanga mkobani, imekunjwa vizuri, akaiweka kwa ndani, pembeni ya mlango. Akaondoka. Ule mkono ulioshika viatu ulikuwa unamtetemeka njia nzima, na safari hii haukuwa ugonjwa.

Nimefanya kazi ya unesi miaka 31, hapa Wete na kwengineko Pemba. Nimewaona wanaume wazima wakificha karatasi za hospitali wasionekane na wake zao. Sikuwahi kumuona mtu kusimama mbele ya watu waliomkimbia jana yake akawafundisha namna ya kumsaidia.

Naandika hivi kwa sababu na mimi nilikuwa na kaka.

Nyumbani kwetu neno kifafa halikutajwa. Ilisemwa "anaanguka" tu. Alikuwa na bakuli lake na kata yake, vimewekwa mbali na vyombo vya watu. Skuli hakupelekwa. Msimu wa karafuu ukifika sote tulikwenda shamba, yeye huachwa nyumbani kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na akipita mgeni huambiwa aingie ndani. Asubuhi moja akaangukia mafigani, moto unawaka. Mimi nilikuwa na miaka 9. Watu wazima watatu walikuwepo pale uani na hakuna aliyemgusa, kwa sababu ya povu. Waliamini atakayegusa povu lile naye ataanguka. Nilikimbilia, shangazi akanidaka nguo kwa nyuma. Aliyemuokoa ni bibi jirani ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Alifuata kelele zangu, akapapasa, akamvuta kwa miguu. Mkono wa kulia wa kaka yangu ulikuwa umeshaungua, na vidole viliposhikana havikuachana tena mpaka tulipomzika.

Wale watu watatu walikuwa ni wa nyumbani. Walimpenda. Nimeyafikiri haya miaka yote na bado yananiuma.

Povu lile ni mate. Mtu akikakamaa hamezi, mate yakichanganyika na pumzi huwa povu, na akijiuma ulimi huwa na damu. Hakuna mdudu anayeruka kutoka kwake kuja kwako, si kwa mate, si kwa mkojo, si kwa kula sahani moja wala kukaa jamvi moja. Kifafa kinatoka kwenye ubongo. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo sana unaopita baina ya chembe zake, na pale chembe nyingi zinaporipuka kwa pamoja mwili hukakamaa au kutetema, na mtu hupotewa na fahamu. Kuna waliopata kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuna waliopata kwa malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au kuumia kichwa, na nyinyi mnawajua vijana walioanguka mikarafuuni. Wengine wengi hawakupatwa na lolote kati ya hayo. Shirika la Afya Duniani linasema wenye kifafa ulimwenguni ni kama milioni 50, na katika kila 10, hadi 7 wanaweza kuishi bila ya kuanguka wakipata dawa inayowafaa na kuitumia sawasawa. Dawa zenyewe si ngeni. Fenobabitoni inatumika tangu mwaka 1912.

Binti huyu anameza kabamazepini asubuhi na jioni. Alikuwa amekaa miezi 11 hajaanguka. Kila siku nilimuona akipita na mkoba wake, na nyinyi mlikuwa hamna habari kama anaumwa. Kilichotokea ni kwamba kituo anachochukulia dawa kiliishiwa, mama yake akaambiwa arudi wiki ijayo, na pesa ya kununua dukani hakuwa nayo. Siku 4 bila ya kidonge. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Ukiikata, maradhi hurudi, na pengine kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa hiyo mngenialika barazani ningewaambia kuwa pale palikuwa na jambo la kujadiliwa kweli: nani anakwenda mjini Chake Chake kesho, nani ana honda, nani ana elfu kadhaa za kumkopesha mama yule mpaka auze mwani wake. Hili la dawa bado linahitaji mtu.

Na kwa kuwa siku ya kuchukua dawa ni ile ya kliniki ya afya ya akili, yakazuka maneno kuwa ana wazimu. Wazimu hana. Amehifadhi juzuu 9 za Qurani, na mwalimu ni shahidi. Na hata angekuwa anaumwa na akili, ningeiandika barua hii hii.

Sasa nije kwenye lile ambalo mmelisema kwa kunong'ona, kuwa ana shetani.

Majini siyakanushi, Qurani imeyataja, na Qurani ni shifaa. Mwenye kumsomea na amsomee, akae karibu naye amsomee. Lakini Ibnul Qayyim, mwanachuoni wa Sham, pande za Syria, aliyefariki mwaka 1350, ameandika kuwa kuanguka kuko kwa namna mbili, kuna kunakotokana na roho mbaya na kuna kunakotokana na mwili wenyewe, na hiki cha pili ndicho matabibu wanachokitibu. Mama wa binti huyu alihangaika miaka 2 mwanzoni, kwa kupungwa na kwa mafusho, akauza na bangili zake. Kila mganga alikuwa na jina jipya la pepo. Siku alipofika hospitali na akapewa vidonge, kuanguka kukapungua ndani ya wiki chache. Mtume (S.A.W.) ametuambia tujitibu, na kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Kombe, yale maji ya aya za Qurani anayonyweshwa mgonjwa, na kidonge havigombani. Anayemwambia mgonjwa atupe kidonge ili kombe lifanye kazi, huyo anamuumiza, na nitamwambia hivyo usoni pake.

Na ipo hadithi ambayo tangu Jumatatu hainitoki. Wameipokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alimwambia mwanafunzi wake Ataa bin Abi Rabaah: nikuoneshe mwanamke katika watu wa Peponi? Akamuonesha mwanamke mmoja mweusi. Mwanamke yule alikuwa amemwendea Mtume (S.A.W.) akamwambia: mimi huanguka kifafa, na nikianguka hufunuka, basi niombee. Mtume akamwambia: ukitaka, subiri, na utapata Pepo. Na ukitaka, nitakuombea Mwenyezi Mungu akuponye. Akasema nitasubiri. Kisha akaongeza: lakini mimi hufunuka, niombee nisifunuke. Akamuombea.

Haya kayasoma mwalimu, mmeyasoma nyinyi, nimeyasoma mimi, na labda tulipita haraka. Kwenye maradhi alikubali kusubiri. Kwenye kufunuka mbele za watu hakuweza kusubiri. Miaka kama 1,400 baadaye mtoto anafumbua macho hapa kwetu Pemba, anapapasa nguo yake na kuuliza kama ameonekana. Na Ataa anasimulia kwamba alimuona mwanamke yule, mrefu, mweusi, kwenye pazia la Al-Kaaba. Hakuna aliyemtoa pale kwa kuogopa asije akaanguka.

Mama wa yule mtoto aliyechomwa na msumari akikimbia, nimekuja kwako kumfunga kidonda na najua umekasirika. Hasira yako ni haki yako. Lakini mwanao hakuumizwa na kifafa cha mwenzake, aliumia kwa kukimbia, na hakuna mtoto anayezaliwa anajua kukimbia kifafa. Sisi ndio tuliowafundisha. Jana nilimuuliza mwanao angefanya nini mwenzake akianguka tena. Akasema: "Nitazame saa." Ana miaka 7 na ameshaelewa.

Wafundisheni na wengine. Akianguka, ondoa kilicho kigumu pembeni yake, muwekee kitu laini chini ya kichwa, toa pini za ushungi na legeza kilichobana shingoni. Usimkandamize mikono na miguu, mwache mwili ufanye kazi yake. Mdomoni usitie kitu, si kijiko, si kidole, si maji. Zamani hata sisi wauguzi tulitia vijiko, meno ya watu yakavunjika, na baadaye tukafundishwa kuacha. Kutetema kukisita, mlaze ubavu ili mate yatoke. Kukipita dakika 5, au akianguka mara ya pili kabla hajapata fahamu, hapo tena ni gari na hospitali, usingoje. Zaidi ya hayo mfunike, na ukae mpaka ajijue yuko wapi. Atakuwa na usingizi na kichwa kitamuuma.

Kisimani asende peke yake, baharini asiogelee bila ya mtu, na mkarafuu asipande. Ramadhani ikikaribia aonane na daktari wampangie dawa za futari na daku, asijipangie mwenyewe. Zaidi ya haya hana tofauti na binti zenu.

Kuna aliyesema barazani, "Na nani atamuoa?" Mtoto wa miaka 15 hatujakaa kumtafutia mume. Lakini kwa kuwa limesemwa mbele ya baba zake wadogo, nalijibu. Wanawake wenye kifafa wanaolewa na wanazaa, nami nimewazalisha. Kinachotakiwa ni kumuona daktari kabla ya kubeba mimba, maana iko dawa, valproeti, inayoweza kumdhuru mtoto tumboni, na hubadilishwa mapema.

Khanga ile bado iko pale mlangoni pa chuo. Watoto wanaizunguka wakiingia na kutoka, na mwalimu akifagia anaifagilia pembeni, haiondoi. Nadhani na yeye anangoja mmoja wenu aseme neno.

Chuo kinafunguliwa Jumamosi baada ya Alasiri. Nimemwambia binti kuwa nitampitia nyumbani, tutakwenda pamoja. Safari hii kizingiti atakivuka, na mimi nitakaa nyuma kwenye jamvi mpaka wamalize kusoma, siku hiyo na kila siku mtakayoona mna khofu. Mtu mmoja kati yenu anisaidie jambo moja tu: amwambie mwanawe aiokote ile khanga akae nayo. Nafasi yake ni safu ya pili, karibu na nguzo. Naomba asikalishwe mtoto mwengine pale.

Wassalaam,
Bi Nesi, jirani yenu wa nyuma ya chuo