Hela ya futiboli haijafika kwenye mbio

Baba Mdogo,

Shikamoo. Huku chuoni Marekani sote wazima, ila baridi imeanza na asubuhi tunakimbia na glavu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Kumbe habari za vyuo vya Marekani kuwalipa wanamichezo mamilioni zimefika hadi kijiweni, na watu wanauliza mbona nyumba ya Bibi haijaezekwa bati. Nakujibu kwa kirefu, maana mdogo wangu naye anajiandaa kuja, bora ajue anakokuja.

Habari yenyewe ni ya kweli. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano ya kesi inayoitwa House, ambayo wanamichezo waliifungulia NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hapa. Tangu Julai mwaka huo, chuo kilichojiunga na makubaliano kinaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake fedha, na kwa mwaka wa kwanza, 2025/26, kikomo kilikuwa dola milioni 20.5. Waliocheza kuanzia 2016 bila kulipwa watapata fidia, karibu dola bilioni 2.8 kwa wote, ndani ya miaka kumi.

Mimi naona walichelewa. Sisi tunajivunia Uwanja wa Mkapa kwa watu 60,000. Wa Chuo cha Michigan unaingiza zaidi ya 107,000! Kocha wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu, anaondoka na mamilioni, na kijana anayevunjwa mbavu anaambiwa wewe ni mwanafunzi, tosheka na ada na chakula. Mpaka Julai 2021 alikuwa haruhusiwi hata kulipwa picha yake ikitumika kutangazia duka la viatu.

Lakini hela hiyo ina wenyewe. Vyuo vikubwa vinapeleka karibu robo tatu kwenye futiboli, inayofuata inakwenda kikapu cha wanaume, sisi wengine tunaokota makombo. Kibiashara siwalaumu, futiboli ndiyo inayoleta fedha za televisheni. Shida ni kwamba fedha hizohizo ndizo zilizokuwa zinalipia riadha, tenisi na kuogelea. Chuo cha Cal Poly kule California walifuta timu yao ya kuogelea Machi 2025, na kesi hii waliitaja miongoni mwa sababu.

Kwetu mbio za nyika, kwa makubaliano hayohayo timu sasa mwisho watu 17. Orodha ilipobandikwa mlangoni, vijana wa hapahapa wanaojilipia ada na kukimbia kwa mapenzi tu, majina yao hayakuwemo. Mmoja alirudisha jezi akiwa ameifua na kuipiga pasi. Hakuna aliyejua amwambie nini.

Sasa, kwa nini mimi sina kitu. Viza yangu ni F-1, ya mwanafunzi. Naruhusiwa kazi ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na ukifanya kazi nje ya hapo bila kibali unahatarisha viza. Hayo malipo mapya wanasheria bado wanavutana kama nayo ni kazi au la, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni imetuambia tusisaini chochote. Oscar Tshiebwe, yule wa Lubumbashi, mwaka 2022 alikuwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo nchi nzima akiwa Chuo cha Kentucky. Ilibidi asubiri timu iende Bahamas mwezi wa nane ndipo afanye matangazo ya biashara, maana kule viza ya Marekani haimbani. Mimi na mita 10,000 zangu nani atanipeleka Bahamas? Napanga vitabu maktaba jioni. Bati zitatoka humo, taratibu.

Kwa mdogo wangu mlango haujafungwa. Zamani timu ya wanaume ya riadha na nyika iliruhusiwa ufadhili kamili 12.6 tu, unakatwakatwa wagawane wengi. Kikomo hicho kimeondolewa, chuo kikitaka kinaweza kumlipia kila aliyemo. Ila nafasi zikiwa chache, kocha hana muda wa kulea. Anamtaka aliyekwisha kuiva. (Suleiman Nyambui mwenyewe, mkimbiaji wetu wa zamani, alifika chuo cha El Paso, Texas, akiwa mtu mzima, na 1980 akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow angali mwanafunzi.) Tena tangu 2024 mwanamichezo anaweza kuhama chuo kila mwaka bila kukaa nje msimu, basi wananyang'anyana watu kama Simba na Yanga dirisha la usajili likifunguliwa.

Kwa hiyo wakala yeyote atakayemwahidi mshahara, asisaini. Kocha akimpigia, amjibu kwa baruapepe ili maneno yabaki kwenye maandishi: ufadhili unalipia nini na nini, ni wa mwaka mmoja au minne, akiumia inakuwaje, na je, yumo kwenye wale 17? Akijibiwa, unitumie nisome kabla hajakubali.

Msalimie Mama Mdogo na wote hapo nyumbani.

Mwanao