Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Wazazi wenzangu, walimu wetu, mwalimu mkuu: salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Ya haraka kwanza. Hesabu mmegawiwa mlangoni, mweka hazina atazisoma mwenyewe nikimaliza, na maswali ya pesa mpelekeeni yeye, si mimi. Mabomba ya vyoo vya gredi za chini yamerekebishwa. Tangi la pili bado, na sababu ni ile ile mnayoijua. Wawakilishi wa madarasa walichaguliwa. Niwakumbushe tena kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamhesabu kila mzazi mwenye mtoto hapa kuwa mwanachama wa chama hiki cha wazazi, hata yule ambaye hatujawahi kumwona kikaoni. Aliye na jirani wa namna hiyo amfikishie salamu.

Muda uliobaki nautumia kwa jambo moja, kwa kuwa ndilo lililotugawanya mwaka huu na ndilo mtakalolipigia kura leo: vyeti vya tabia njema.

Kumbukeni tulivyoanza. Mwezi Januari kamati iliona kwamba watoto wetu hutuzwa zaidi kwa alama na kwa mbio. Wa kwanza darasani hupewa madaftari na makofi. Aliyeokota kalamu isiyo yake akairudisha hatajwi popote. Na mtaala wa umilisi wenyewe umeorodhesha maadili manane ya kufunzwa mtoto: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Tukasema, basi na haya yapate cheti. Nilikwenda mwenyewe saiba, duka la kompyuta, kijana akanichorea cheti chenye nyota na ukingo wa rangi ya dhahabu, kikapendeza kweli. Kiliandikwa "Mwanafunzi Mwenye Nidhamu Bora", na chini yake pakaachwa nafasi ya jina.

Nafasi ya jina tuliiweka. Nafasi ya kuandika mtoto alifanya nini hatukuiweka, na hapo ndipo tulipoteleza.

Siku ya kufunga muhula, wiki ile ile ya Idi, wasichana bado wana hina mikononi, vyeti vikatolewa kwenye gwaride. Nilikuwa nimesimama pembeni nikajikuta nahesabu. Wengi walioitwa mbele walikuwa wasichana, na wavulana wachache walioitwa ni wale ambao sauti yao huisikii ila wakati wa kuita majina asubuhi. Tulikuwa tumewatuza kwa kunyamaza. Simlaumu mwalimu. Mwenye watoto hamsini na kitu darasani, asiyemsumbua ndiye atakayemwona ana nidhamu. Lakini mtoto hunyamaza kwa mengi. Hunyamaza kwa woga, kwa njaa, au kwa ya nyumbani kwao ambayo hatuyajui.

Watu walipoanza kutawanyika, mama mmoja akanijia, mwanawe kamshika buibui. Hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Dada mwenyekiti, huyu wangu hakupata. Kwani yeye hana tabia?" Na mtoto yupo, anasikia. Nilimjibu neno, silikumbuki, ila najua halikumtosha, maana hata mimi halikunitosha.

Baada ya hapo simu hazikukatika. Kisha kwenye kikao cha Mei mzee wetu mmoja, aliyesoma zama za kiboko, akasimama akasema, "Kiboko mmekiondoa, mmetuletea karatasi." Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaona maneno yale yana hoja mbili. Moja siikubali. Kiboko hatukukiondoa sisi: kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na sheria ya 2013 ikakaza. Anayekililia, kwenye chama hiki hatapata wa kulia naye. Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Mzee alikuwa anasema kwamba kiboko na karatasi ni ndugu wa tumbo moja, vyote viwili humfunza mtoto kutazama mkono wa mkubwa umeshika nini.

Mwalimu wetu mmoja wa chekechea akalitilia uzito jambo hilo. Alitusimulia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1973 na Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett. Walichukua watoto wa miaka mitatu hadi mitano wanaopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja waliahidiwa cheti wakichora, na wakapewa. Kundi la pili walichora tu, halafu wakashtukizwa cheti hicho hicho. La tatu hawakuahidiwa wala kupewa. Siku zilipopita, kalamu zikawekwa mezani tena, bila ahadi yoyote, kila mtoto acheze atakacho. Walioahidiwa walizigusa kama nusu tu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupungukiwa na hamu hata kidogo. Na cheti chenyewe, akasema mwalimu, kilikuwa na nyota ya dhahabu na utepe mwekundu.

Kamati nzima ikageuka kukitazama cheti changu pale mezani.

Basi muhula wa pili tukaanza upya. Hakuna tena siku ya vyeti, hakuna ahadi, hakuna nyota. Manila moja inakatwa vipande vinane, na juu ya kila kipande kuna neno moja tu: "Nilikuona". Aliyeona ndiye anayemalizia, awe mwalimu, mtoto mwenzake, bawabu au mpishi. Kipande hutolewa siku ile ile au ya pili yake, kabla jambo halijapoa. Sharti ni moja: andika ulichokiona kwa macho yako. "Ana heshima" inarudishwa. "Ni mtoto mzuri" inarudishwa pia, na walimu wawili watatu walinuna kwa kurudishiwa vyao.

Kwa idhini ya wazazi wao niwasomee vitatu, bila majina.

Cha Gredi ya 4, wakati wa mvua za masika: "Nilikuona paa lilipovuja ukisogeza dawati la mwenzako pakavu kabla ya lako." Mvulana huyu muhula wa kwanza alipelekwa ofisini mara mbili kwa kelele. Kelele bado anazo, msije mkadhani tumefanya miujiza.

Cha Gredi ya 5, baada ya mpira kuvunja kioo: "Nilikuona ukisema ni mimi, kabla sijauliza ni nani."

Cha tatu kimetoka jikoni. Mpishi alisema, mwalimu akaandika, na tuliyaacha maneno kama alivyoyasema: "Kijana huyu huniita kwa jina langu. Wengine huniita jikoni." Kile kipande kilisomwa gwarideni, na wiki ile mpishi akaamkiwa na shule nzima kwa jina lake mpaka akaomba wapumzike, ugali unaungua.

Ndipo wazazi wa Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, wakatuambia, mnaona ya darasani tu, na ya kwenye feri je? Wakasema kuna msichana wa Gredi ya 6 ambaye kila asubuhi huwangoja wadogo wanne pale kwenye mteremko, anawashikisha mkanda wa begi lake, hawauachii mpaka wavuke na kupanda upande wa pili. Hapa shuleni hakuna aliyejua. Kwenye cheti cha Aprili hakuwemo, kwa kuwa huchelewa, na sasa mnajua kinachomchelewesha.

Tukawagawia na wazazi vipande. Hapo tukajitafutia balaa. Wiki ya kwanza vilirudi furushi, kila mzazi kamwona mwanawe. Baba mmoja alileta vinne kwa mpigo, mwandiko mmoja, mtoto mmoja. Sitamtaja, naye anajua namtazama. Tukaweka kanuni kwamba mzazi huandikia mtoto wa mwenziwe. Vipande vikapungua ghafla, lakini vilivyokuja vilisomeka.

Kuna mambo hayajakaa sawa, nayo niyaseme. Gredi za 7 hadi 9 wanaona haya kusifiwa mbele za watu. Kijana mmoja wa Gredi ya 8 alimwomba mwalimu ampe chake kimekunjwa, nje ya darasa. Sasa wote wa gredi hizo hupewa faragha, na ni juu yao kukionyesha au kukificha. Jingine ni kubwa zaidi. Mwezi Julai tuliomba kila mwalimu wa darasa aandike nani hajapata hata kimoja. Majina yalikuwa mengi kuliko tulivyodhani. Wapo waliotaka tuwagawie wote kimoja kimoja, yaishe. Nilikataa, na bado nakataa, kwa kuwa mtoto ana akili ya kujua karatasi ya huruma. Orodha ile kazi yake ni kumwambia mwalimu macho yake hayajafika wapi, aanze kutazama huko. Mwana wa yule mama wa siku ya kufunga alikuwa kwenye orodha. Agosti haikufika kabla hajapata chake. Hicho sikisomi. Mamake amekaa mstari wa tatu, akipenda atawasomea.

Sasa la kura. Mwanachama mwenzetu ametuletea mfadhili aliye tayari kutoa mabegi na viatu kwa kila mtoto atakayefikisha vipande vitano. Nia yake njema, na Mungu amlipe. Kamati ilikataa kwa kura saba dhidi ya nne, na mimi nilikuwa miongoni mwa saba. Siku vipande vitakapokuwa na bei, watoto watajua kuvitafuta, na kioo kitavunjwa ili mtu apate kusema ni mimi. Mwenzetu hakuridhika na ana haki ya kulileta hapa. Mapendekezo ni mawili, yapigiwe kura mbali mbali: kwanza, mabegi na viatu tuyapokee lakini yagawiwe kwa mwenye shida, bila kufungamanishwa na vipande, pili, kikombe cha "Nidhamu Bora" kiondolewe kwenye siku ya zawadi kuanzia mwaka ujao.

Manila zilizobaki zinatosha mpaka Machi. Mkasi wa ofisi umepotea tangu wiki iliyopita, aliyeuona aseme. Mweka hazina, karibu.