Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: Olimpiki imeshuka ufukweni, sisi tuko wapi?

Mheshimiwa Salim Mvurya,

Salamu nyingi kutoka Kisauni, Mombasa.

Najua meza yako imejaa. Kuna AFCON ya 2027, kuna uwanja wa Talanta, kuna wanariadha ambao kila wakirudi na medali huuliza posho yao iko wapi. Mimi nakuletea jambo ambalo hakuna anayepiga simu redioni kulilalamikia: mbio za makasia za mwanamke mmoja ndani ya mashua yake peke yake. Nakuletea wewe kwa sababu uliiongoza Kwale kwa mihula miwili ya ugavana, kisha ukashika wizara ya uchumi wa buluu kabla ya kuja kwenye michezo. Kusi na kaskazi, pepo za msimu za bahari yetu, sihitaji kukueleza.

Kwa miaka mingi mchezo huu ulikuwa mbali nasi, na sababu zake zilikuwa za haki. Mashua ya mtu mmoja ya maji tulivu ni ndefu, mita 8 na ushei, nyembamba kupita kiasi, na uzito wake unaweza kuwa kilo 14 tu. Ukiishusha Nyali wakati wa kusi itajaa maji kabla hujakaa vizuri. Inataka maji yaliyolala, njia iliyonyooka mita 2,000, na maboya yaliyopangwa mstari kwa mstari. Kuujenga uwanja wa namna hiyo ni gharama kubwa. Hata Wamarekani, uwanja wao wa Long Beach umewapungukia, na mbio za maji tulivu za Los Angeles 2028 zitakuwa za mita 1,500.

Lakini katika Olimpiki hiyo hiyo ya 2028 kumeingizwa kitu kipya. Mbio za uzani mwepesi zimeondolewa, na mahali pake zimekuja mbio za ufukweni: mwanamume peke yake, mwanamke peke yake, na wawili mchanganyiko. Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026 nayo imeziweka katika ratiba yake. Hapa ndipo ninapoomba unisikilize.

Mbio zenyewe ziko hivi. Mwanamke anasimama mchangani. Ishara ikitolewa anatimka hadi majini, ambako wasaidizi wake wameishika mashua, omo, yaani mbele yake, ikielekea mawimbi. Anarukia ndani, anakamata makasia, anakwenda mita 250 akipinda huku na huku kwenye maboya, anazunguka boya la mwisho, anarudi moja kwa moja, anaruka nje na kukimbia tena mchangani mpaka kwenye kitufe cha kumalizia. Wanashindana wawili wawili, na anayeshindwa anatoka. Mashua haizidi mita 6, uzito wake si chini ya kilo 35, na tezi, yaani nyuma yake, imeachwa wazi ili maji yajitokee yenyewe. Kumbuka pia kwamba mpiga makasia huipa mgongo njia anayokwenda. Wakati wa kurudi, wimbi linalomfuata analiona usoni, lakini ufuo hauoni mpaka ageuze shingo. Akilikosea wimbi hilo, mashua inamgeukia ubavu, na hapo hata awe na mapafu ya farasi, mwenzake amekwisha kumpita.

Kwa hiyo nguvu peke yake hazitoshi. Anatakiwa mtu anayeyasoma maji. Mheshimiwa, unawajua akina mama wa Kibuyuni wanaolima mwani, wanaopanga siku zao kwa bamvua na maji mafu. Mabinti zao wanajua maji yanajaa saa ngapi na mkondo unavuta upande gani.

Nisikudanganye lakini. Wasichana wengi wa Pwani hawajui kuogelea. Tembea Tudor jioni uone: wavulana wanajirusha majini kutoka ukutani, dada zao wamekaa pembeni wakilinda nguo za watu. Wazazi wanaogopa maji, wanaogopa maneno ya jirani, na wanaogopa mavazi. Mradi wowote utakaoanza na mashua kabla ya kuogelea, na kabla ya kukaa na wazazi hao kuhusu vazi la stara, utakufa mapema. Mimi ningeanza na walimu wa kike wa kuogelea, hata kabla ya kununua kasia moja.

Na asikwambie mtu kwamba mwanamke wa Pwani hawezi. Asiya Mohamed Sururu ni wetu, wa hapa Mombasa. Alikatwa miguu yote miwili na kupoteza vidole kadhaa katika ajali ya treni akiwa mtoto wa miaka miwili. Oktoba 2019 alikwenda Tunis kwenye mashindano ya Afrika ya kutafuta tiketi, na mwaka 2021 akawa mwanamke Mkenya wa kwanza kupiga makasia katika Paralimpiki, kule Tokyo, mashua ya mtu mmoja, daraja la PR1. Daraja hilo ni la wanaotumia mikono na mabega tu. Kiti hakitelezi, mwili unafungwa mkanda, na pembeni mwa mashua kuna maboya ya kuizuia isipinduke. Mita ni 2,000 zile zile wanazopiga wenye miguu ya kusukumia. Dhahabu ilichukuliwa na Birgit Skarstein wa Norway. Asiya hakurudi na medali, na sisi baada ya kumpigia makofi tukaendelea na mambo yetu. Nauliza bila kejeli: mashua ya PR1 ambayo msichana mwingine mwenye ulemavu anaweza kuikalia kesho asubuhi hapa Mombasa iko wapi? Na atafikaje majini, kiti chake cha magurudumu kikizama mchangani?

Tazama na jirani. Uganda haina hata shubiri moja ya bahari, lakini katika Olimpiki ya Tokyo ilikuwa na Kathleen Noble katika mashua ya mwanamke mmoja, mpiga makasia wa kwanza wa nchi hiyo kufika Olimpiki, akamaliza wa 26. Kweli, amezaliwa Kampala lakini makasia aliyajulia chuoni Princeton, Marekani. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kipaji cha Afrika Mashariki kilihitaji kuvuka bahari ili kifundishwe kupiga makasia, na sisi tuna pwani kutoka Vanga hadi Kiunga.

Utaletewa hoja ya medali. Wataalamu wako watakwambia fedha ziende kwenye riadha, ambako matokeo ni ya hakika. Sitaki riadha inyang'anywe shilingi. Ila mchezo huu unataka subira. Emma Twigg wa New Zealand alikuwa wa nne London 2012, wa nne tena Rio 2016, akaacha, akarudi, na dhahabu ya mashua ya mtu mmoja akaipata Tokyo akiwa na miaka 34. Anayetaka medali katika muhula mmoja wa uchaguzi asiingie huku. Mimi sikuombi medali ya 2028. Nakuomba wasichana wa Kenya wawepo katika mbio za kufuzu, na wawe wamejifunzia hapa nyumbani.

Ninachoomba si kikubwa kwa Hazina ya Michezo. Mashua chache za mtu mmoja za ufukweni, ambazo moja naamini haifiki bei ya gari la ofisi la afisa wa kaunti. Ziwekwe ufuo wa umma, mathalani pale Pirates, na nyingine Kwale, wala si nyuma ya geti la hoteli au klabu ambako mtoto wa Kisauni ataulizwa na askari anakwenda kwa nani. Iwepo mashua moja ya PR1, na njia ya mbao ya kufikia maji. Walinzi wa Pwani watoe boti ya uokoaji siku za mazoezi, na mashua zikiagizwa kutoka nje zisioze bandarini zikisubiri msamaha wa ushuru.

Za mazoezi, kwa nini tuagize zote? Mafundi wa Lamu ndio waliounda Flipflopi, jahazi la plastiki taka lililosafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Wape vipimo, wape viti vya kuteleza na vishikio vya makasia, uone watakachokuletea. Hapo kuna kazi kwa vijana ambayo hata Waziri wa Fedha hataikataa.

Jambo la mwisho ni la majira, na wewe utalielewa haraka kuliko watu wa Nairobi. Anayeanza hafundishwi ndani ya kusi. Muda mzuri ni kati ya Novemba na Machi. Mashua zikifika Mei zitalala ghalani hadi mwisho wa mwaka, na ripoti itaandikwa kwamba vijana wa Pwani hawakujitokeza. Kwa hiyo agizo litolewe mapema, na kuogelea kuanze wakati mashua bado ziko njiani.

Ukija Mombasa, tenga saa moja ya Jumamosi asubuhi uje Pirates. Tutakuonyesha mahali ghala linapoweza kukaa bila kuziba njia ya wavuvi, na baadhi ya wazazi wana maswali yao wanataka wakuulize wenyewe.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa michezo, Kisauni