Kwa vijana wa filamu wa Zanzibar: wale waliopigwa picha kutoka angani

Wajukuu zangu,

Assalamu alaykum. Kila ikifika Januari simu za humu nyumbani hupitisha kipande kile kile cha filamu: miili imelala mchangani, watu wenye kanzu wamepangwa mistari, na aliyewapiga picha yuko juu angani anazunguka. Juzi mmoja wenu alinijia, anataka kukitia katika filamu yake ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, akaniomba ushauri. Nimeona niwajibu nyote.

Kijueni kwanza kilikotoka. Kimetoka katika Africa Addio ya 1966, kazi ya Wataliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Walikuwa wamekwisha kujipatia jina kwa Mondo Cane ya 1962, iliyozaa ukoo mzima wa dokumentari za kushtua: maajabu na misiba ya watu wa mbali, ya kweli yakichanganywa na ya kuigizwa, alimradi tiketi ziuzwe. Africa Addio ilipofika Berlin Magharibi, wanafunzi wa Kiafrika na wa Kijerumani waliipinga mpaka ndani ya sinema. Walisikia wanachoambiwa. Msimulizi ni mmoja, wa Ulaya, na hoja yake ni kwamba Mzungu akishaondoka Mwafrika atachinjana tu.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wako wanaosema kwa kuwa waliopiga picha walikuwa wabaguzi, basi mauaji hayakuwapo. Mimi nilikuwa na miaka 13. Yalikuwapo. Wako na wengine wanaokirusha kipande hicho wakiandika chini yake, "tazameni Waafrika walivyowafanya Waarabu." Hao wanatuletea maneno ya msimulizi yule yule, ila kwa Kiswahili.

Kutoka angani huoni uso wa mtu, wala huoni chini ya bati. Mama yangu, mwana wa Mnyamwezi aliyekuja kuchuma karafuu, alimficha uvunguni Mmanga mwenye duka la mtaani kwetu, na mkewe, na watoto wao wawili. Siku tatu. Yule mdogo alikuwa na kikohozi, na kila viatu vilipopita barazani mama alimziba mdomo kwa pindo la kanga, huku akiimba kwa sauti kama mtu anayepepeta mchele. Katika filamu ile mama yangu ni "Mwafrika" na yule mwenye duka ni "Mwarabu", basi. Hamna Mshirazi, hamna Mngazija, hamna Mhindi aliyefunga duka akaingia jahazini usiku, hamna nyumba ambayo baba ni huyu na mama ni yule. Nyumba hizo ndizo zilizokuwa nyingi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi kukitumia. Picha za siku zile ni chache mno kuzitupa. Ila kiondolee sauti yake yote, hasa ule muziki, waliutia wenyewe baadaye. Kiache kimya. Mwambie mtazamaji kimepigwa na nani na kwa ajili ya soko gani. Usiisogeze picha karibu na mwili wa maiti. Yule ana wajukuu, wengine wako hapa hapa mjini, mitaa ya Ng'ambo, wengine Muscat na Dubai, nao watakiona kwenye simu wakiwa wanakula. Waulize kwanza. Halafu shusha kamera chini, iweke barazani, uwasikilize watu kwa zamu na kwa majina yao: aliyefiwa, aliyeficha, hata aliyebeba panga kama bado yu hai na yuko tayari kusema. Huyo wa mwisho ni mzito, na mtalaumiwa kwa kumpa nafasi. Mpeni hata hivyo. Mimi mmoja wao nilisoma naye chuoni, na kwa miaka yote hii hajaulizwa na mtu.

Nina daftari lenye majina 41 ya watu wa mitaa miwili, niliowajua kwa sura, na kazi zao. Macho yangu yanafifia na mwandiko ule hausomeki na mwingine. Njooni baada ya alasiri na kinasa sauti, niwasomee.

Bibi yenu