Benki haikati komisheni ila akiba yangu inapungua, nifanyeje?

Habari za leo ndugu zangu, naombeni ushauri maana silali vizuri na muda unazidi kwenda.

Nina akiba ya yuro 20,000, nimeidunduliza miaka 9, kuna miezi niliweka nyingi na kuna miezi kidogo tu ndo kilipatikana. Sasa binti yangu kapata chuo na malipo yote yanatakiwa kwa dola, awamu ya kwanza ndani ya miezi minne. Kubadilisha lazima nibadilishe, hilo halina mjadala. Kinachonitesa ni reti.

Nilienda benki ninakoweka hizo hela, yule dada wa kaunta mkarimu kweli, akanigeuzia kalikuleta nione mwenyewe, dola 1.067 kwa kila yuro moja, akaniambia "mama, sisi hatukati komisheni hata senti moja". Nikamshukuru. Nimetoka nje nafungua simu, reti ya soko muda ule ule ni 1.10. Nikapiga hesabu mara tatu nikijua nimekosea mahali: kwa yuro 20,000 tofauti ni dola 660! Kumbe komisheni ipo, imejificha ndani ya reti yenyewe, na huwezi kuiona mpaka uwe na kitu cha kulinganishia. Naelewa ile ya kwenye simu ni reti ya katikati, kati ya bei ya kununua na ya kuuza, ndo benki zinayozungukia zikiuziana zenyewe kwa mamilioni, mtu wa kawaida hapewi hiyo na sidai nipewe. Lakini asilimia 3 jamani, hela ya miaka 9?

Nikasema ngoja nijaribu na kidogo, nikatuma yuro 500 kwa apu ya benki hiyo hiyo kwenda akaunti yangu ya dola iliyo benki nyingine. Reti ikawa ile ile 1.067, na kwenye skrini sekunde zinahesabu kurudi nyuma kuanzia 30, ukichelewa inabadilika, mkono unatetemeka, nikabonyeza. Zilitakiwa zifike dola 533.50, zikafika 518.50. Kuuliza naambiwa hela ilipitia benki nyingine ya katikati ya njia na yenyewe ikakata dola 15 zake, na kwamba kuna sehemu ya kuchagua makato yote yawe juu ya mtumaji ili zifike kamili. Hakuna aliyeniambia kabla!

Shemeji yangu yeye anasema nitulie, nisubiri yuro ipande. Mimi hilo naliogopa. Mwaka 2022 mwanzoni yuro ilikuwa juu ya 1.10, watu tukasubiri ipande zaidi, kufika Julai ikawa sawa kwa sawa na dola moja, kitu ambacho hakikuwa kimetokea kwa karibu miaka 20. Ada haisubiri soko. Nimewaza nigawe mafungu manne, kila mwezi nibadilishe 5,000, ili nisiangukie siku mbaya na hela yote, ila sasa kama kila fungu linakatwa makato ya kutuma si ndo nazidi kuumia?

Kuna kampuni za kutuma hela kwa mtandao zinatoa reti karibu kabisa na ya soko na makato yake wanakuonyesha pembeni kabla hujakubali, nimelinganisha siku ya kazi maana wikendi soko limefungwa na wengine wanaongeza chao juu. Kwa hesabu ningeokoa zaidi ya dola 500. Hofu yangu ni kuingiza akiba yote halafu wazuie akaunti wakitaka uthibitisho hela imetoka wapi. Barua za mshahara ninazo, ila za miaka ya mwanzo sina zote.

Naombeni mnisaidie, mliowahi kubadilisha kiasi kama hiki, mlipita njia gani? Je ni kweli ukiomba kuongea na wahusika wa fedha za kigeni wa benki badala ya kaunta wanakupunguzia, na unawaambiaje? Na hizo kampuni, vibali mlivikagua wapi na nyaraka gani mlidaiwa? Mkinijibu niandikieni reti mliyopewa na ya soko ya siku hiyo hiyo, hata kama ni zamani. Fungu la kwanza nataka nilitume ndani ya wiki tatu hizi.

Mama wa binti mmoja